Muuaji Mzee Anadaiwa na Nani?

Mwaka 1992 kituo cha televisheni cha HBO cha Marekani kilirusha mahojiano na Richard Kuklinski, mfungwa wa New Jersey aliyekuwa akiua watu kwa malipo na wakati mwingine kwa sababu zake mwenyewe. Anazungumza taratibu, bila kupandisha sauti, kama mtu anayesimulia kazi aliyostaafu. Kisha anasema kwamba hajawahi kujutia lolote alilolitenda isipokuwa kuiumiza familia yake. Anaongeza kuwa hatafuti msamaha wala hatubu. Halafu machozi yanamlengalenga, anajisahihisha: hapana, anataka familia yake imsamehe.

Naamini hadithi zote za muuaji mzee anayerudi nyumbani zimejengwa juu ya maneno hayo.

Ninapenda hadithi za uhalifu tangu nijue kusoma, na hii ndiyo inayonishika kuliko zote: muuaji wa kukodiwa aliyezeeka, anayetaka kupatana na wanawe kabla hajafa. Hata kama hukumbuki jina la filamu, kisa chenyewe unakijua. Mzee anaishi peke yake. Ana binti au mwana ambaye hawajasemezana kwa miaka. Goti linamsumbua, mkono umeanza kutetemeka, daktari amempa habari mbaya. Bosi wake wa zamani anamwita kwa kazi moja ya mwisho, au anagundua kwamba safari hii anayewindwa ni mwanawe wa kumzaa. Anafukua bastola mahali alipoificha. Kufika alfajiri maadui wamelala chini, mzee anavuja damu, na mtoto aliyekuwa akikataa hata kupokea simu yake anamshika mkono na kumwita baba.

Hapo mimi hulia. Hulia kila mara, hata filamu ikiwa mbovu, kwa sababu kiu ya mzazi kusamehewa na mtoto wake ni jambo zito na waandishi wake wanajua pa kugusa. Lakini machozi yakikauka hubaki nikiwafikiria wale waliolala chini. Yule aliyekuwa akilinda mlango. Yule wa kwenye ngazi. Dereva aliyepigwa risasi kabla hajashuka garini. Hadithi haikuwapa majina, na nusu yao hatukuwaona nyuso. Ili baba mmoja apatane na mtoto mmoja, baba za watoto wengine wamemwagwa sakafuni usiku huo, nasi tumeambiwa kwamba huko ndiko kutubu. Mkuki kwa nguruwe.

Sisemi hivyo kwa kuichukia hadithi hii. Nasema kwa sababu naipenda na naona inaishia njiani. Mzee anapiga hodi kwenye mlango wa binti yake, na mlango huo ni muhimu kweli, lakini deni lake kubwa liko kwenye milango mingine ambayo hajawahi kuikaribia. Binti anaweza kumsamehe kwa siku za kuzaliwa alizokosa, kwa uongo, kwa hofu aliyoiingiza nyumbani. Hawezi kumsamehe kwa niaba ya mjane wa mtu mwingine, maana msamaha huo si wake.

Kuklinski mwenyewe anaonyesha jinsi taswira ya muuaji mwenye nyumba njema ilivyo nyepesi. Alikamatwa mwaka 1986. Mtaani Dumont alijulikana kama mume na baba wa watoto watatu, na magazeti yalivutiwa sana na hilo: jinamizi nje, baba nyumbani. Baadaye mkewe alieleza hadharani jinsi alivyokuwa akimpiga. Yeye alijigamba kuwa ameua watu zaidi ya 100, hesabu ambayo wapelelezi wengi wameitilia shaka, na hatia alizopatikana nazo mahakamani zilikuwa chache. Alifia kifungoni mwaka 2006. Kwa hiyo hata ile familia aliyosema ndiyo pekee anayoijutia ilikuwa imeonja mkono wake. Wasanii wa hadithi hupenda kuchora ukuta kati ya kazi ya muuaji na meza ya chakula ya nyumbani kwake. Sidhani kama ukuta huo umewahi kuwapo popote.

Au mtazame Salvatore Gravano wa mafia ya New York, aliyekiri kuhusika katika mauaji 19 na kutoa ushahidi uliomfunga bosi wake, John Gotti, mwaka 1992. Kwa ushirikiano wake alihukumiwa miaka mitano tu, akaingizwa katika mpango wa serikali wa kulinda mashahidi, kisha akatoka kwa hiari yake. Alipata alichokuwa akikiota kila mzee wa filamu hizi: jua la Arizona, mke, watoto karibu. Mwaka 2000 akakamatwa tena kwa biashara ya vidonge vya kulevya, na safari hii mkewe, mwanawe na binti yake walikamatwa pamoja naye. Familia iliunganika kweli, ndani ya hati moja ya mashtaka.

Kati ya filamu nilizoziona, iliyokaribia zaidi kulitambua deni hili ni The Irishman ya Martin Scorsese, ya mwaka 2019. Watu wengi walizungumzia kompyuta zilizotumika kufuta mikunjo ya Robert De Niro, anayeigiza muuaji Frank Sheeran, ili aonekane kijana, na wakalalamika kwamba uso ulipungua miaka lakini mwendo na mabega yalibaki ya mzee. Kwangu hilo halikuharibu kitu, kwani ni mzee anayesimulia, na mtu akijikumbuka ujanani hujikumbuka akiwa na mwili alio nao leo. Wengine walilalamika kwamba binti wa Sheeran, Peggy, hapewi maneno ya kutosha. Naelewa hoja yao, ila macho ya mtoto yule yanamhukumu baba yake tangu akiwa mdogo.

Lakini sehemu ninayoirudia si ya Peggy. Ni ile ya simu. Frank Sheeran, kwa mujibu wa filamu, amemuua rafiki yake Jimmy Hoffa, kiongozi wa chama cha madereva wa malori, na siku chache baadaye inambidi ampigie simu mke wa Hoffa kumfariji. Anababaika. Maneno hayatoki, yakitoka hayana kichwa wala miguu. Miaka mingi baadaye, akiwa kwenye nyumba ya wazee, padri anamuuliza kama anajisikia vibaya kwa aliyoyatenda, walau kwa ajili ya familia za marehemu. Sheeran anajibu kwamba hakuzijua familia hizo. Isipokuwa moja. Kisha anauliza, kama vile anajiuliza mwenyewe, ni mtu wa aina gani anayeweza kupiga simu kama ile.

Hapo ndipo filamu inaposhika jambo lenyewe. Kazi ya muuaji wa kukodiwa inawezekana kwa sababu hazijui familia. Anapewa jina, picha, saa ya kutoka kazini. Hapewi habari kwamba mtu huyo kesho anampeleka mtoto kwa daktari. Siku atakapozijua ndipo kazi inapokufa mikononi mwake, na hiyo ndiyo siku ambayo hadithi ingepaswa kuanza.

Hoffa wa kweli alitoweka tarehe 30 Julai 1975. Mwaka 1982 alitangazwa kisheria kuwa amefariki. Wapelelezi wamechimba mashamba, yadi na sakafu za nyumba, na mwili haujapatikana mpaka leo. Madai ya Sheeran kwamba ndiye aliyemuua yanapingwa na wengi waliochunguza kesi hiyo, na mwenyewe alifariki mwaka 2003. Hoffa alikuwa na binti, Barbara, aliyekuja kuwa jaji, na ambaye kwa miaka mingi alidai afunguliwe mafaili ya FBI ili ajue kilichompata baba yake. Filamu ilimfuata binti wa muuaji. Ninapoitazama huwa namfikiria huyu mwingine.

Sasa nije kwenye uzee, maana ndio unaoipa hadithi hii uzito wake, na naona waandishi wengi wanautumia kwa jambo dogo kuliko linalostahili.

Kwanza kuna huruma ambayo mwili uliochoka huiomba bila mwenyewe kusema neno. Baba yangu alikuwa mtu wa safari, mkali, mgumu kukaa naye, na nilimsamehe mengi siku nilipomwona akishindwa kufunga vifungo vya shati. Hakuwa ameomba radhi. Vidole vyake viliomba kwa niaba yake. Watengenezaji wa filamu wanalijua hilo, kwa hiyo wanatuonyesha muuaji akihangaika na chupa ya dawa, nasi tunamhurumia kabla hajajuta. Udhaifu unaonekana kama toba, ingawa ni miaka tu imepita. Watu aliowaua wangezeeka pia, na vidole vyao vingetetemeka vivyo hivyo, lau wangeachwa.

Pili kuna kumbukumbu. Siku hizi zimezuka hadithi nyingi za muuaji anayeanza kupoteza akili kwa maradhi ya uzeeni, na karibu zote zinaichukulia hali hiyo kama tatizo la kazi: atasahau anwani, atamlenga asiye mlengwa, atashindwa kukamilisha mpango wa kumwokoa mwanawe. Mimi nikiona mzee wa namna hiyo, moyo hunienda mbio kwa sababu nyingine kabisa. Kichwa chake ndicho ramani pekee ya makaburi. Anajua ni shamba gani, chini ya mti upi, kina gani, na nani alishika koleo la pili. Akisahau, kuna mama mahali fulani hatazika mwanawe.

Hili si jambo la kubuni. Wakati wa vita vya Ireland ya Kaskazini, vikundi vya wapiganaji, hasa IRA, kundi lililopigana kuutoa utawala wa Uingereza, viliwateka watu kadhaa, vikawaua na kuwazika kwa siri. Hawakuwa wauaji wa kulipwa kwa kila kichwa, lakini walibaki kuwa kile kile ninachokizungumzia: vijana waliotumwa kuua, wakakaa na siri mpaka wakawa wazee. Mwaka 1999 serikali za Uingereza na Ireland ziliunda tume maalumu ya kutafuta mabaki ya watu hao. Anayeipa tume taarifa hutunziwa siri, na alichokisema hakiwezi kutumiwa kumshtaki. Wengi waliona sharti hilo ni gumu kumeza. Lakini ndugu walitaka mifupa, na njia ya kuifikia mifupa ilipita kwenye vinywa vya wazee wale.

Jean McConville, mjane mwenye watoto kumi, alichukuliwa nyumbani kwake Belfast mwezi Desemba 1972. Wanawe walikua bila kujua alipo. Taarifa zilipotolewa, watu walichimba ufukwe mmoja kwa muda mrefu bila kupata kitu. Mwezi Agosti 2003 mpita njia ndiye aliyeuona mwili wake kwenye ufukwe mwingine wa jirani. Columba McVeigh alikuwa na umri wa miaka 19 alipotoweka mwaka 1975. Wachimbaji wamerudi mara kwa mara kwenye ardhi ya majimaji ya Bragan, katika kaunti ya Monaghan, wakiifukua kipande kwa kipande, na hata misako ya miaka ya karibuni haikumpata. Mama yake alifariki mwanawe akiwa bado hajapatikana.

Ugumu wake unaeleweka. Watu walizika usiku, kwa haraka na kwa hofu. Miaka inapita, miti inapandwa, mingine inakatwa, njia inahamishwa, udongo laini unasogea. Aliyekuwa kijana anarudi akiwa na mvi, anasimama pale na kusema ni hapa, kisha anasita, labda ni kule. Mashaka hayo yana msisimko kuliko ufyatuaji wowote wa risasi: mzee amesimama kwenye matope akijaribu kukumbuka, huku ndugu wa marehemu wamesimama mbali kidogo wakimtazama. Sijui kwa nini haiandikwi zaidi.

Na ndugu hao wanataka nini? Hapa kuna sauti moja ambayo nimekuwa nikiibeba. Tarehe 23 Mei 1992, mafia wa Sicily walilipua barabara kuu karibu na Capaci na kumuua hakimu Giovanni Falcone, mkewe Francesca Morvillo, na walinzi watatu: Antonio Montinaro, Rocco Dicillo na Vito Schifani. Kwenye mazishi huko Palermo, Rosaria Costa, mjane kijana wa Schifani, alisimama mbele ya kipaza sauti na kuwaambia wauaji kwamba anawasamehe, lakini ni lazima wapige magoti, wakiwa na ujasiri wa kubadilika. Kisha akaiacha karatasi aliyoandikiwa na kusema huku akilia: lakini hawa hawabadiliki.

Msamaha wenye sharti la magoti. Mtu aliyefinya kitufe cha bomu lile alikuwa Giovanni Brusca. Huyo huyo aliamuru kuuawa kwa Giuseppe Di Matteo, mtoto aliyetekwa mwaka 1993 akiwa na miaka 12 ili baba yake, aliyekuwa ameanza kushirikiana na serikali, anyamaze. Walimshikilia kwa zaidi ya miaka miwili, wakamnyonga mwezi Januari 1996, na mwili wake wakauyeyusha kwa tindikali. Hapo hata mifupa ya kuzika haikubaki. Brusca alikamatwa mwaka huo huo, baadaye akaamua kusema anayoyajua, na kwa sheria ya mashahidi wa aina yake akaachiwa huru mwaka 2021, baada ya miaka 25. Italia nzima ilichemka. Tina Montinaro, mjane wa mlinzi mwingine, hakuficha hasira yake. Dada yake Falcone, Maria, alisema kibinadamu inamuuma, lakini hiyo ndiyo sheria, tena ni sheria ambayo kaka yake mwenyewe aliitaka.

Wajane wawili na dada mmoja, na kila mmoja amesimama mahali pake. Nikiwasoma naona jinsi hadithi zetu zilivyo bahili. Zinampa muuaji saa mbili za huruma, zinampa binti yake machozi, na watu hawa haziwapi hata kiti cha kukalia.

Kwa hiyo nimeanza kuiandika yangu, na nataka kueleza ninavyoiona. Mzee hana kazi ya mwisho. Waliokuwa wakimpa kazi wamekufa au wamemsahau, na hakuna anayemwinda binti yake. Anaishi kwa huyo binti, katika chumba cha nyuma, kwa sababu hakuna mwingine wa kumtunza. Mjukuu anampenda. Anachotaka mzee ni kumaliza siku zake katika amani hiyo, na kwa sura kadhaa za mwanzo nataka msomaji naye amtakie hivyo hivyo.

Kisha anaanza kusahau. Anasahau alipoweka miwani, anamwita mjukuu kwa jina la mama yake. Lakini maradhi haya mara nyingi hula mambo ya juzi kwanza na kuacha ya zamani, kwa hiyo yale aliyoyazika yanabaki wazi kuliko kifungua kinywa cha asubuhi. Anaanza kuyasema. Jikoni, mbele ya binti yake, anamwambia mtu asiyekuwapo kwamba shimo halijafika kina.

Kuanzia hapo msisimko unahamia kwa binti. Amesikia jina moja. Analitafuta, anakuta kwamba mtu huyo alitoweka miaka mingi iliyopita, na kwamba mkewe bado yu hai. Akinyamaza, baba yake atakufa kitandani, mjukuu akiwa amemshika mkono. Akisema, polisi watakuja, nyumba itajulikana, mtoto atajifunza babu yake alikuwa nani. Na muda haupo, maana kila wiki kitu kinafutika kichwani mwa mzee. Lazima akae naye usiku, amuulize taratibu, aandike: mto ulikuwa upande gani, mlipita daraja, kulikuwa na nyumba karibu? Anakuwa mpelelezi wa baba yake mwenyewe, na kila jibu analopata linampunguzia baba.

Mzee naye ana siku zake za akili timamu. Siku hizo anajua binti anaandika nini, na anaweza kukataa. Kwangu hapo ndipo toba inapopimwa. Kumkumbatia binti ni rahisi, anamtaka. Kuingia garini, kwenda hadi shambani, kushuka mbele ya mwanamke asiyemdai upendo wowote, na kumwonyesha mahali kwa kidole, akijua kwamba baada ya hapo huenda asirudi chumba cha nyuma, hilo ni jambo jingine kabisa. Sitaki apigwe risasi njiani. Kifo kingemwokoa, na wasomaji tungepumua mapema.

Nimeshaandika safari hiyo. Nimeandika pia kwamba mjane anakuja na mwanawe wa kiume, mtu mzima sasa, wa rika moja na binti wa muuaji. Wawili hao wanabaki kando ya gari wakati wengine wanachimba. Nimewaandikia mazungumzo ya aina nyingi, na yote nimeyafuta, kwa sababu kila ninapomruhusu binti aombe radhi kwa niaba ya baba yake, najikuta nimempa tena mzee mtu wa kulipa deni lake.

Kwa sasa nimeamua binti asiombe radhi. Atamuuliza yule mwanamume baba yake alikuwa mtu wa namna gani, na sura yote iliyobaki itakuwa yake huyo mwanamume, akieleza, kwa muda wowote atakaouhitaji.